Beji Zilizotoka Stoo: Uchambuzi wa Kisa cha Mkusanyaji Mmoja wa Iringa

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinahusu kundi la beji za pini, zaidi ya mia mbili, zilizotupwa kutoka stoo ya shule moja ya sekondari ya bweni Nyanda za Juu Kusini. Ziliokotwa kwa muuza vyuma chakavu na mwalimu mstaafu anayekusanya beji za shule na za vikundi vya wanafunzi. Niliitwa kushauri baada ya beji kununuliwa, nikafuatilia hadi zilipopata mahali pa kukaa. Majina ya watu, ya shule na ya wilaya nimeyaondoa kwa makubaliano na wahusika. Mkusanyaji nitamwita Mzee M.

Nimekiandika kwa ajili ya wanaokusanya vitu kama hivi majumbani na kwa walimu wenye stoo zilizojaa. Wengi hudhani thamani ya beji iko kwenye uso wake. Katika kisa hiki karibu kila tulichokijua kilitoka kwingine: kwenye kitambaa ilichochomekwa, kwenye mgongo wake, kwenye kundi ilimokuwa.

Mazingira

Mzee M. anaishi pembezoni mwa mji wa Iringa. Alianza kukusanya akiwa bado anafundisha. Nyingi alipewa na wanafunzi wake wa zamani: beji za viranja, za UKWATA (umoja wa wanafunzi Wakristo), za skauti, za UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari. Nyingine alizikuta kwenye makoti ya mitumba, maana makoti yanayotoka ng'ambo huja na beji za vyuo na vilabu vya huko zikiwa bado zimechomekwa kifuani. Anazihifadhi kwenye droo za kabati, na kila moja ina kadi yake yenye jina la aliyempa na mwaka. Huo ni utaratibu mzuri kuliko nilioukuta kwa wakusanyaji wengi wenye fedha zaidi yake.

Kabla sijaendelea, msomaji aijue beji yenyewe, kwa sababu makosa mengi hutokana na kutojua ilivyoungwa. Beji ya pini ya aina ya zamani ni bati la duara lililokunjwa ukingo, juu yake karatasi iliyochapishwa, juu ya karatasi utando mwembamba unaong'aa, na nyuma pete ya chuma inayobana vyote hivyo pamoja. Pini ya waya hukaa ndani ya pete. Hakuna gundi, ni mbano mtupu wa mashine. Utando wa zile za zamani kabisa ni seluloidi, na baadaye zikaja plastiki nyingine. Muundo huu ulienea tangu 1896, pale kampuni ya Whitehead & Hoag ya Newark, New Jersey, ilipoanza kuzitengeneza kwa wingi, na mwaka huohuo wagombea urais wa Marekani, McKinley na Bryan, wakazigawa kwa wafuasi wao. Baadaye ikaja aina ya pili ya bei nafuu, ambayo picha huchapwa moja kwa moja kwenye bati kabla halijakatwa. Hiyo haina karatasi wala utando, na rangi yake huchunika kirahisi.

Ukilaza mwanga wa tochi pembeni ya beji na kuangalia ukingo, utaona kama kuna utando uliokunjwa kuingia nyuma au ni rangi tupu. Jambo hilo dogo ndilo linaloamua kama beji inaweza kuguswa na unyevu au la.

Zilivyopatikana

Shule ilikuwa ikikarabati majengo. Stoo iliyofungwa miaka mingi ilifunguliwa, vikatolewa vitanda vilivyovunjika, masufuria yaliyotoboka, mashine ya kudurufu, na sanduku moja la mbao. Fundi aliyepewa kazi ya kusafisha aliruhusiwa kwa mdomo kuondoa takataka. Akaviuza vyote kwa kijana anayenunua vyuma chakavu kando ya barabara kuu iendayo Tunduma.

Kijana alifanya kazi yake kama inavyofanywa na wenzake wote. Alichukua sumaku. Kilichonaswa kilikwenda kwenye rundo la bati na chuma, na kisichonaswa kikatengwa: alumini pamoja na masufuria, shaba kwenye ndoo yake, kwa kuwa bei zake kwa kilo ni mbali kabisa na ya bati. Beji zilikuwa zimechomekwa kwenye vipande vya kitambaa cha kaki. Kitambaa hakina bei kwenye mzani, kwa hiyo alizichomoa na kutupa vitambaa.

Mzee M. alipita pale kwa bahati, akitoka msibani. Aliona duara dogo la bluu limeng'aa juu ya rundo. Alipoinama akakuta la pili na la tatu. Hapo alifanya uamuzi wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio uliookoa kisa kizima. Angeweza kuchagua zile nzuri kumi na tano akaondoka. Badala yake alimwambia kijana, "Mwanangu, nataka zote, hata zilizooza. Na nioneshe ulipotupa vile vitambaa."

Kijana alishangaa lakini alimwonesha. Vitambaa vilikuwa nyuma ya kibanda, vimelowa. Mzee alivipata saba. Vitatu vilikuwa na maandishi ya wino yaliyofifia: kimoja SKAUTI, kimoja TYL (TANU Youth League, umoja wa vijana wa chama cha TANU), na kimoja VIRANJA – FEB 73. Vingine havikuwa na neno, ila matundu ya pini yalikuwa yamejipanga safu kwa safu, na kila tundu lilikuwa na duara la kutu kulizunguka.

Akamwuliza pia kama kuna nyingine zilizokwenda kwenye rundo tofauti. Swali hilo wengi wasingelifikiria. Kwenye ndoo ya shaba zilikutwa beji za skauti, na kwenye masufuria ya alumini ilikutwa beji moja nyekundu yenye sura ya Mao Zedong. Beji kama hizo zilitengenezwa China kwa wingi mkubwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, hasa kuanzia 1966 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na nyingi ni za alumini. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, inapita Makambako na Mbeya, kwa hiyo beji ya namna hiyo ndani ya stoo ya shule ya ukanda huu haikumshangaza mtu. Isingeulizwa, ingeyeyushwa pamoja na masufuria.

Mzee alilipa bei ya kilo kwa kila rundo, akaongeza kidogo kwa usumbufu. Hakuomba risiti, lakini aliandika jina na namba ya simu ya kijana kwenye daftari lake, pamoja na tarehe na maelezo ya alikovitoa vitu. Baadaye daftari hilo lilifanya kazi ya risiti.

Barua kabla ya yote

Aliponipigia simu, swali lake lilikuwa la usafi: azisafishe na nini? Nilimjibu kwa swali la umiliki. Mali ya shule ya serikali haitoki kihalali kwa neno la mdomo la mtu aliyeshika ufunguo. Kuna utaratibu wa kuifuta kwenye daftari la mali na kuiondosha. Hata kama fundi aliamini ameruhusiwa, na kijana alinunua kwa nia njema, shule inaweza kesho kusema ni zake, na itakuwa na hoja.

Mzee hakufurahi. Alisema, na ninamwelewa, kwamba asingepita pale siku ile zingekuwa zimeshayeyuka, na shule isingejua kama ziliwahi kuwapo. Aliogopa pia kwamba zikirudi zitatupwa mara ya pili. Tulibishana kwa heshima, maana yeye ni mkubwa kwangu kwa umri, mpaka mke wake alipoingilia: "Baba, ukikaa nazo bila kusema utakuwa unazificha hata ukitembelewa na wageni." Kesho yake tukaandika barua.

Barua ilikuwa fupi. Ilisema beji zilipatikana wapi, ngapi, ziko katika hali gani, na kwamba mwandishi anaomba idhini ya kuzihifadhi na kuziorodhesha kwa niaba ya shule mpaka itakapoamua vinginevyo. Haikumlaumu mtu yeyote kwa kuzitupa. Mkuu wa shule alitafuta kwenye leja, hakukuta sanduku hilo. Hata hivyo alijibu kwa maandishi: beji ni za shule, Mzee M. anazishika kwa amana kwa mwaka mmoja, na orodha itakabidhiwa ofisini.

Sabuni

Wakati majibu yanasubiriwa, mjukuu wa Mzee, kijana wa kidato cha tatu mwenye moyo wa kusaidia, alichukua bakuli moja la beji, akaziosha kwa maji ya sabuni na brashi, akazianika juani kwenye sinia. Zilikuwa thelathini na moja.

Kilichotokea ndicho hutokea siku zote. Maji yalipenya kati ya utando na bati, yakaingia kwenye karatasi. Juani utando ulijikunja, na mvuke ukanaswa ndani. Ndani ya wiki mbili madoa ya kahawia yalianza kuchomoza kutoka chini, na maandishi ya beji kadhaa yakayeyuka kuwa kivuli cha bluu. Za bati lililochapwa moja kwa moja zilipona zaidi, ila brashi ilizikwangua. Hakuna dawa ya kurudisha karatasi iliyolowa ndani ya beji bila kuifungua, na ukiifungua mbano wa kiwandani umekwisha.

Tulichofanya ni kuzikausha kivulini, nyuso zikiwa juu, na kuzitenga na nyingine. Hazikutupwa. Migongo yao ilikuwa bado inasomeka.

Zilizobaki zilipanguswa vumbi kwa brashi laini ya rangi, kavu kabisa, basi. Kutu ya nyuma iliachwa kama ilivyo. Beji ziliwekwa kwenye droo ya mbao iliyotandikwa karatasi safi, kila moja kwenye kijumba chake cha katoni, bila mifuko ya plastiki laini inayonuka, kwa sababu aina hiyo hutoa kemikali zinazokula chuma. Zile tulizozishuku kuwa za seluloidi tulizitenga mahali penye hewa, mbali na moto. Seluloidi inashika moto upesi, na ikizeeka hutoa mvuke wa tindikali unaoharibu majirani zake. Ukiifungia kwenye chombo kisichopitisha hewa unaiharakishia mwisho. Kwa unyevu wa masika tulitumia zile punje za kunyonya maji zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu, tukizibadilisha kila zikichoka. Iringa mjini inavumilika, lakini beji hizi zilitoka eneo lenye ukungu karibu mwaka mzima, na kutu yake ilikuwa hai.

Kuzitambua

Sehemu hii ilichukua muda kuliko zote, na ndiyo iliyozaa matunda.

Kwanza tulipanga kwa vitu visivyohitaji kumbukumbu ya mtu. Neno "Tanganyika" bila "Tanzania" linaelekeza kabla ya Muungano wa 26 Aprili 1964, au mara tu baada yake kabla jina jipya halijazoeleka. Rangi za kijani, nyeusi na kijani ni za TANU. Jembe na nyundo la CCM haliwezi kutangulia 5 Februari 1977. Kwa njia hiyo theluthi nzima ilipata mipaka ya miaka bila kumsumbua mtu.

Beji moja ilitaka kutupoteza. Ilikuwa ya klabu ya wanafunzi wa chuo cha Marekani, na nyuma, ndani ya pete, ilikuwa na kikaratasi cha Whitehead & Hoag chenye tarehe ya Julai 1896. Mzee alikuwa ameshaiandikia kadi: "Beji kongwe, 1896." Tarehe ile ni ya hataza, yaani haki ya ugunduzi wa kampuni, na waliendelea kuichapa kwenye vikaratasi vyao miaka mingi baadaye. Inakwambia beji haikutengenezwa kabla ya hapo. Haikwambii ilitengenezwa lini. Tulipompigia kijana wa vyuma chakavu, akakumbuka mara moja: ile aliichomoa mwenyewe kwenye koti la mtumba alilomnunulia mdogo wake, akaitupia kwenye rundo. Kumbe haikuwa ya sanduku hata kidogo. Kama namba yake ya simu isingeandikwa, shule ingekuwa na historia ya uongo ya kujitakia.

Kisha tukageukia watu. Mzee aliweka picha kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu wa shule. Alipiga nyuso tu, bila migongo. Hilo nilimwomba, na nitaeleza sababu yake hapo mbele. Ila juu ya picha aliandika "Beji za viranja waliovuliwa madaraka?" kwa sababu alishaanza kuhisi kitu kuhusu kile kitambaa cha Februari 73. Ndani ya saa moja watu wakaanza kukumbuka kuvuliwa madaraka, wakiwamo waliosoma miaka kumi baadaye. Simulizi ziliwaka, kila moja ikaichukua rangi ya iliyotangulia.

Tulisimama. Baada ya hapo picha zilitumwa kwa mtu mmoja mmoja, bila maelezo, kwa swali moja tu: "Hii unaifahamu? Nisimulie." Akina mama wawili waliolala bweni moja walipishana kuhusu beji ya bluu yenye namba 4. Mmoja alisema ya kiranja wa chakula, mwingine ya kiranja wa zamu. Hatukupiga kura. Mmoja wao alikuwa na picha ya mahafali, na ndani yake msichana wa mstari wa pili amevaa beji ileile upande wa kushoto, ameshika sufuria kubwa la jikoni. Tuliandika "huenda ya kiranja wa chakula", tukaambatanisha picha na maelezo ya mama wa pili kama alivyoyatoa.

Kitambaa cha Februari 73

Beji kumi na tisa zilikuwa na alama za kutu zinazolingana na za kile kitambaa. Tulilaza beji juu ya kitambaa, duara juu ya duara, na kumi na saba zilikaa bila shaka. Zote zilikuwa zimevaliwa: waya wa pini umelegea, na kwenye nne kulikuwa na nyuzi nyeupe za shati zilizonaswa. Swali likawa wazi. Shule huagiza beji mpya na kuzitunza stoo, hilo linaeleweka. Kwa nini itunze kumi na saba zilizotumika, za siku moja, kwenye kitambaa kimoja?

Watu watatu waliohojiwa kila mmoja peke yake, wanaoishi mikoa tofauti, walieleza jambo moja. Kulikuwa na mgomo wa chakula. Viranja waliamriwa waandike majina ya walioanzisha, wakakataa. Asubuhi ya siku iliyofuata waliitwa mbele ya mstari na kuvuliwa beji mmoja baada ya mwingine. Walipishana kuhusu nani alizivua na kama mvua ilikuwa inanyesha; kuhusu kukataa kuandika majina hawakupishana.

Mmoja wao, sasa ni babu, alisema yake anaitaka. Mzee M. akamwomba aeleze ilivyo. Akajibu: "Uso wake ni kama za wenzangu. Ila nyuma, kwenye pete, nilikwangua herufi mbili kwa ncha ya bikari, isichanganyike na ya mwenzangu tuliyelala naye kitanda cha juu na chini." Migongo haikuwa imeoneshwa popote. Tuligeuza zote kumi na saba chini ya tochi ya simu iliyolazwa pembeni. Kwenye ya kumi na moja, chini ya kutu, zilionekana herufi mbili zilizopinda, na zilikuwa zenyewe.

Mzee alisita. Kundi kamili la kumi na saba lina uzito ambao kumi na sita hazina, na alisema hivyo waziwazi. Mkuu wa shule naye alikuwa na wasiwasi wa aina yake, kwamba habari ya mgomo itachafua jina la shule. Suala lilikwenda kwenye bodi. Bodi iliamua beji irudishwe kwa mwenyewe kwa hati ya makabidhiano yenye picha za mbele na nyuma, na nafasi yake ibaki wazi kwenye kitambaa.

Mnunuzi wa nje

Katikati ya hayo alijitokeza mnunuzi kutoka nje ya nchi aliyeona picha. Alitaka beji kumi tu: ya Mao, za TYL na chache za viranja. Fedha aliyoitaja ilikuwa kubwa kwa mstaafu mwenye ada ya mjukuu mbele yake, na sitaki mtu alichukulie jambo hili kwa wepesi. Mzee alikataa kwa sababu moja ya wazi: alikuwa na barua inayosema beji ni za shule. Alimwuzia mnunuzi huyo ile ya klabu ya Marekani, iliyotoka kwenye koti, baada ya kijana wa vyuma chakavu kukubali na kupewa sehemu yake.

Matokeo

Orodha ilikabidhiwa ofisini, nakala moja ikabaki kwa Mzee. Beji zilizo imara ziko kwenye kabati la kioo katika maktaba ya shule, kwa kufuata vitambaa na si kwa rangi. Kadi ya kitambaa kile inasema: "Beji za viranja zilizovuliwa, Februari 1973." Bodi ilikubali maneno hayo baada ya mjadala mrefu. Zilizooshwa na zilizooza ziko kwa Mzee kwa amana, na idhini imeongezwa muda. Beji mbili bado zinadaiwa na watu wawili kila moja. Wadai hawakuweza kueleza migongo, kwa hiyo zimebaki zilipo, na majina yao yameandikwa kwenye orodha.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kununua rundo zima pamoja na vitambaa. Kitambaa cha kaki kilichochakaa ndicho kilichotupa mwaka, idadi na swali. Mkusanyaji anayechagua beji nzuri kumi hapati kundi, na bila kundi kisa cha viranja kisingejulikana kamwe, kwa sababu hakuna hata beji moja kati ya zile iliyokuwa na neno lolote kuhusu mgomo. Kuuliza kuhusu rundo la alumini na ndoo ya shaba ni sehemu ya uamuzi huohuo: Mzee alielewa namna kijana anavyofanya kazi, akafuata njia ya sumaku.

Kuficha migongo kulifaa. Ukionesha pande zote mbili hadharani, umempa kila mdai majibu ya mtihani. Kwa beji ambazo hazina namba wala jina, mkwaruzo wa nyuma, pini iliyonyooshwa kwa waya mwingine au kipande cha karatasi kilichochomekwa ndani ya pete ndicho kitambulisho pekee cha mwenyewe.

Swali lililoandikwa juu ya picha lilikuwa kosa lenye gharama. Baadhi ya wahojiwa hatukuweza kuwatumia tena kwa jambo la 1973, kwa kuwa walishasoma simulizi za wenzao. Walio na kumbukumbu safi kabisa huenda walikuwa miongoni mwao. Wazee wanaokumbuka miaka ile wanazidi kupungua, na mtu anayehojiwa vibaya mara moja ni vigumu kumrudisha alipokuwa.

Kuhusu sabuni, sioni sababu ya kumwelemea kijana. Alikuta beji kwenye bakuli, chafu, hazina maandishi ya kumzuia. Kipande cha karatasi chenye maneno "Zisiguswe maji" kingetosha. Kosa la msingi lilikuwa kuacha vitu vya watu kwenye vyombo vya jikoni wakati majibu ya barua yanasubiriwa, na hilo limewahi kutokea kwenye nyumba nyingi za wakusanyaji ninaowafahamu.

Barua kwa mkuu wa shule inahitaji neno zaidi, kwa sababu wapo walioniambia tulijitafutia matatizo. Kwa kweli ilimpa Mzee ulinzi. Ilipokuja fedha ya nje, hakuhitaji kupambana na nafsi yake peke yake. Alikuwa na karatasi. Na wahitimu walipojua kwamba shule ina habari, walifungua maboksi yao ya picha. Mtu hampi picha ya mahafali yake mtu asiyejulikana anafanya nini na vitu vya shule.

Kurudisha beji kwa aliyevuliwa bado kunaniletea ubishi na wenzangu. Wanasema kitu cha umma kimerudi mfukoni kwa mtu. Ninasimama na bodi. Beji ile ilichukuliwa kifuani kwa mtu aliyekataa kuwataja wenzake, na alithibitisha kuwa ni yake kwa njia ambayo hakuna mwingine angeweza. Picha zake ziko kwenye orodha, tundu lake liko kwenye kitambaa, na habari yake imeandikwa kwa jina alilokubali litumike. Kilichopungua kwenye kabati ni bati.

Linalobaki kurekebishwa ni mahali kabati lenyewe lilipo. Linatazama dirisha la magharibi, na jua la alasiri linazipiga beji za TYL moja kwa moja. Kijani yake imeanza kupauka. Barua ya kuomba lihamishiwe ukuta wa ndani imeshapokelewa, na fundi ameahidi kulisogeza likizo ya Juni.